Nyumba Kumi na Mbili za Grabnitz

Siku hizi kila mtu anataka vitu vidogo. Nilipoanza kazi ya kujenga nyumba za modeli, wateja wangu walikuwa na vyumba vikubwa chini ya nyumba zao, na wake wavumilivu. Nyumba ya ukubwa wa nusu mkate haikumtisha mtu. Sasa wamezeeka. Wameuza nyumba, wamehamia vyumba viwili, kisha kimoja, na kila wanapohama wananipigia simu: Bi Paulick, huna kanisa dogo zaidi? Huna miti midogo zaidi? Mwaka huu karibu kazi zote nimezifanya kwa kipimo cha moja kwa mia mbili ishirini, ambapo nyumba nzima inaingia kwenye kiberiti. Naijenga kwa lenzi na kibanio huku nimezuia pumzi, maana nikipiga chafya barabara nzima inaruka.

Mwezi wa pili akaja Heidrun Noack. Baba yake, mzee Traugott, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwisho wa kijiji cha Grabnitz. Mashine za kuchimba makaa ya mawe zilikila kijiji hicho mwaka themanini na sita, na leo shimo lake ni ziwa, watu wa Berlin wanakuja kuogelea. Mzee alikijenga upya kwa modeli chini ya nyumba yake mpya, nyumba zote thelathini na nne, kwa kipimo kikubwa, na kazi hiyo ilimchukua miaka thelathini. Majira ya kupukutika majani walimpeleka kwenye makao ya wazee mjini Cottbus. Modeli haikupita mlangoni. Mnunuzi wa nyumba aliikata kwa msumeno akaitupa.

"Wamempa kizingiti cha dirisha tu," Heidrun akaniambia. "Sentimita sitini na nane kwa ishirini na mbili. Kwingine hawaruhusu kitu, wanaogopa moto. Mjengee hapo, dada. Hali, halali. Anauliza watu wa kijiji wamepelekwa wapi."

Aliniachia picha na ramani aliyoichora mzee mwenyewe. Nikafanya kama tunavyofanya sote kwenye kazi hii. Hakuna fundi anayejenga kijiji kizima. Anayejaribu tunamcheka kwenye maonyesho. Unachagua nyumba zenye sura, unaacha zile za kawaida, barabara unaifupisha, na jicho la mtazamaji linajazia mengine. Nilichagua kumi na mbili. Niliona fahari, nakiri. Zizi la akina Krautz lilikuwa na mlango unaofunguka.

Nilipoiweka modeli dirishani mzee alikuwa mezani, mbele yake sahani ya viazi na jibini laini lenye mafuta ya kitani, havijaguswa. Heidrun alimsogeza na kiti chake.

"Kumbe ni wewe, binti wa Paulick fundi baiskeli," akasema. "Baba yako aliniuzia pampu mbovu."

"Pampu ilikuwa nzima, mzee. Wewe ndiye uliyeikalia."

Akacheka. Akainama mpaka pua ikakaribia paa, kidole kikitembea juu ya barabara. "Kanisa. Kwa Krautz, mbwa wao alikuwa mwizi. Kwetu." Kidole kikasimama hapo. Heidrun alikuwa analia kimyakimya, na mimi nikajiona fundi kweli.

Kisha kidole kikarudi nyuma. "Kwa mama Budar ni wapi?"

Niliikumbuka picha. Nyumba ya kijivu, madirisha mawili, haina hata maua. Nikamweleza kwamba nafasi ni ndogo, kwamba jicho hujazia.

"Jicho la nani?" akauliza. "Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha yao. Kampuni ya makaa ilileta orodha ya nyumba za kubomoa, mimi nikatia sahihi. Alikuwa hospitali, amevunjika nyonga. Aliporudi akakuta kiwanja kitupu. Na wewe umeanza tena kwa kumwondoa yeye."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikasema nitamjengea wiki hiyohiyo. Lakini macho yangu yalishapima: sentimita sitini na nane, nyumba kumi na mbili, hakuna hata pengo la njugu.

"Hakuna kipimo kidogo zaidi?"

"Kipo, mzee. Nyumba inakuwa kama punje ya dengu. Mikono yangu haikiwezi, na wewe hutaiona."

"Basi itoke moja."

"Sawa. Chagua."

Neno lilinitoka tu. Tunawaambia wateja hivyo kila siku: toa kituo cha treni, weka ghala, chagua. Heidrun alinifinya mkono, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Mzee alizitazama nyumba moja baada ya nyingine, midomo ikitaja majina, na kila alipofika kwenye jina alitikisa kichwa.

"Baba, acha," Heidrun akasema. "Ni kadibodi."

"Wewe ulikuwa mtoto wakati ule," akajibu. "Toa yetu."

"Ya kwenu siigusi, mzee," nikasema. "Ndiyo niliyoijengea yote haya."

"Toa."

Nilimtazama Heidrun anisaidie, naye alikuwa akinitazama mimi. Nikatoa kisu. Gundi yangu ni nzuri, bahati mbaya, na ilinibidi nichokoe pande zote nne, mzee akiangalia bila kupepesa macho, mpaka nyumba ikabanduka na kuacha doa jeupe kando ya kanisa.

"Hapo mama Budar atakaa vizuri," mzee akasema. "Jua la asubuhi." Alilitazama lile doa, akazitazama nyumba zilizobaki, kisha uso wake ukabadilika. "Na mimi sasa ninakaa wapi?"

Heidrun aligeukia ukutani. Nyumba ilikuwa bado kiganjani mwangu, na chumba kizima hakikuwa na mahali pa kuiweka.