Jina Lisiloandikwa Jumatano

Siku maduka yaliporuhusiwa kufunguliwa tena, Makasi alinyoa ndevu zake mara mbili. Miezi mitatu si mchezo. Miezi mitatu kinyozi huyu, aliyefiwa na mkewe zamani, alikaa kwenye chumba cha nyuma ya saluni yake akibishana na redio, na redio haijui kubishana. Alishafika mahali pa kuziaga taa kabla ya kuzizima.

Masharti aliyabandika mlangoni kama alivyoagizwa: barakoa, maji na sabuni, wateja wawili tu kwa wakati mmoja, na daftari. Kila anayeingia aandikwe jina, namba ya simu na saa, ili mmoja akiugua wenzake wapigiwe wakapime. Makasi alinunua daftari jipya na kalamu mbili, akaifunga moja kwa uzi isiondoke na mteja.

Wateja walirudi, lakini walirudi kwa haraka haraka, wananyolewa na kuondoka bila soga. Aliyemkosa hasa ni Fundi Saa. Huyu alikuwa mzee mstaafu wa kutengeneza saa, anakaa nyumba ya nne kutoka hapo, na kwa miaka kumi na tisa kila Jumatano saa nne asubuhi alikuwa kwenye kile kiti kidevu juu. Wembe ukipita, mdomo nao unapita. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa nani mkubwa kuliko mwenzake. Hakuna mwenye cheti cha kuzaliwa, hivyo kesi haikuwa na mwisho, ila binti wa Fundi Saa alimwita Makasi baba mdogo, na Fundi Saa aliihesabu hiyo kuwa hukumu.

Binti huyo alikuwa keshia wa supamaketi. Kazi yake haikufungwa hata siku moja, na kwa kuwa baba yake ana sukari na presha, alikuwa akirudi anavua viatu nje, anaoga kabla ya salamu, anakula chumba kingine. Baba alipigwa marufuku kuvuka kizingiti. Makasi aliyajua yote hayo. Akapiga simu hata hivyo.

"Kiti chako kimeanza kukusahau," alisema.

"Nimefungiwa kama kuku wa mayai."

"Mlinzi anatoka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi saa nne huna mlinzi. Pitia mlango wa nyuma, mdogo wangu."

"Mdogo wako nani?" alisema Fundi Saa, na Makasi alijua atakuja.

Alikuja. Amekonda, ndevu zimemfunika shingo, barakoa kaivaa vizuri kuliko wateja wote wa wiki ile. Makasi aliposhika kalamu, mzee akamzuia mkono. "Usiniandike. Wakipiga simu nyumbani akapokea yule, nimekwisha. Na wewe umekwisha." Makasi akacheka, akairudisha kalamu. Jina moja tu. Alimnyoa polepole makusudi, akaupitisha wembe kwenye ule mzunguko wa ndevu chini ya taya la kushoto, karibu na kovu, mahali ambapo hakuna kinyozi mwingine aliyewahi kupaweza. "Binti akiuliza, nimejinyoa mwenyewe," alisema mzee. Kwenye benchi alikuwepo dereva mmoja wa lori, barakoa imeshuka kidevuni, anakohoa. "Vumbi la safari," alisema dereva. Aliandikwa vizuri kabisa, jina, namba na saa. Walicheka watatu karibu saa nzima, na Makasi alilala siku ile akiwa na furaha ambayo alikuwa ameisahau.

Jumatano iliyofuata, mapema, bwana afya alipiga simu. Dereva wa lori alikuwa amelazwa. Hospitali ilikuwa inajaa tangu maduka yafunguliwe, vitanda vimefika hadi kwenye korido. Bwana afya alisoma majina ya siku ile kutoka kwenye picha ya daftari aliyotumiwa na Makasi, akamwamuru Makasi apime na ajifungie ndani wiki mbili. Kisha akauliza: "Kuna mwingine aliyekuwepo ambaye hayumo humu?"

Makasi alitazama kile kiti. "Hakuna," alisema.

Wala hakuwa mtu mwongo. Alijiambia atamwonya mwenzake mwenyewe, kimya kimya, bila kumchoma kwa binti. Akampigia. Fundi Saa akasema yuko mzima, kikohozi kidogo tu, mafua ya kukaa ndani. "Nenda kapime," Makasi alisihi. "Nikapime niseme nilikuwa wapi?" alijibu mzee. Siku nne nzima alimwambia binti yake kwamba ni mafua. Siku ya tano alishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika, na gari la wagonjwa likamchukua.

Kipimo cha Makasi kilirudi safi. Majibu hayo yalimuuma kuliko ambavyo ugonjwa ungemuuma. Alikaa chumbani kwake amejifungia, anasikia mtaa kupitia ukuta, na simu ya Fundi Saa haipokelewi.

Siku ya tatu tangu mzee achukuliwe, binti ndiye aliyepiga. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba msaada. Baba anawekewa barakoa ya oksijeni, na ndevu zilizoota tena zinaizuia isikae, hewa inavuja. Muuguzi kajaribu kumnyoa, kamkata, sasa baba anausukuma mkono wake. Anasema uso wake unaguswa na Makasi tu. Wewe huruhusiwi kuingia, hata mimi nipo getini. Ukimsemesha kwa simu atatulia?"

"Atatulia, mwanangu."

"Daktari ananiuliza aliupata wapi, na hajatoka nje miezi mitatu. Ni mimi. Nimemletea kutoka kazini. Nilikuwa nanawa hadi ngozi ikachubuka, na bado nimemletea."

Makasi alifungua mdomo. Kisha akasema, "Mwambie muuguzi apige sasa hivi." Alijichukia kwa jinsi alivyofurahi kupata kisingizio hicho.

Muuguzi alipiga. Nyuma yake mashine zililia na mtu mwingine alikuwa anakohoa. Makasi alisimama mbele ya kioo katika saluni tupu, wembe mkononi, ili asikosee kusema.

"Fundi Saa, tulia. Ni mimi, kaka yako."

Kulikuwa na sauti ya pumzi tu, fupi fupi. Halafu: "Mdogo... wangu."

"Haya, leo umeshinda. Inua kidevu. Dada, loweka kwanza kwa kitambaa cha moto, usiharakishe. Shavu la kulia shuka nalo moja kwa moja. Sasa kushoto, chini ya taya, utaona kovu dogo. Juu kwenda chini mpaka hapo kwenye kovu, halafu geuza, toka sikioni uje kwenye koo. Vuta ngozi kwa kidole. Taratibu." Aliusikia wembe ukikwaruza. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuusikia akiwa mbali.

"Makasi," alisema mzee. "Usi... usimwambie."

"Nyamaza, utakatwa."

"Siri yetu."

Muuguzi akasema wamemaliza, barakoa imekaa, na simu ikakatika. Makasi akabaki na wembe mkavu mbele ya kioo.

Binti alipiga tena baada ya nusu saa, analia. "Ameshika usingizi. Asante, baba mdogo. Sina mtu mwingine mjini hapa, unajua? Akifa, nitaishi nikijua nimemuua baba yangu kwa mikono yangu."

Mwenzake alikuwa amemwomba siri, na siri ya mgonjwa ni kitu kizito. Lakini mtoto alikuwa amebeba mzigo usio wake, na mwenye mzigo alikuwa amekaa hapo anapokea asante.

"Si wewe," alisema Makasi. Akamweleza yote: simu aliyompigia baba yake, mlango wa nyuma, dereva, jina alilolikataa kuliandika, na lile neno "hakuna" alilomwambia bwana afya. Hakujitetea, ingawa alitamani sana.



"Ungesema siku ile," alisema binti, "angepimwa siku hiyo hiyo."

"Ndiyo."

"Usitupigie tena." Hakumwita baba mdogo.

Makasi akampigia bwana afya, akasema aliyopaswa kusema wiki ile. Bwana afya alishusha pumzi tu na kuandika. Wiki zake mbili zilipoisha alifungua saluni, na siku chache baadaye ikatangazwa kwamba biashara zifungwe tena, kwa kuwa hospitali zimeelemewa. Makasi akafunga kwa mikono yake, akarudi nyuma ya ukuta wake. Hakupiga simu, maana alikuwa amekatazwa. Hospitali haikumjibu kwa sababu si ndugu. Tangu simu ile ya binti, siku ishirini na sita aliishi bila kujua kama rafiki yake yuko hai au amezikwa, na aliogopa kuuliza majirani, kwani jibu lingemkuta peke yake.

Siku ya ishirini na saba ujumbe uliingia. Haukuwa na salamu.

"Baba yuko nyumbani. Namnyoa mwenyewe, analalamika namkwaruza. Kushoto wembe unaenda juu au chini?"

Makasi alikaa kwenye kiti cha wateja. Alilia kwanza. Kisha akaandika ujumbe mrefu: samahani, na furaha, na kwamba hajamaliza usiku mmoja bila kumwota, na je, anaweza kusimama hata ng'ambo ya barabara amwone dirishani. Akausoma wote. Akaufuta.

Akaandika: "Juu kwenda chini mpaka kwenye kovu. Halafu geuza, toka sikioni uje kooni. Kitambaa cha moto kwanza."

Aliona alama kwamba umesomwa. Alisubiri mpaka chai yake ikapoa, lakini hakuna kilichoandikwa tena. Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika chache, na nyumba ya nne kutoka hapo mtu mwingine alikuwa anaivuta ile ngozi kwa kidole.