Mitungi Inayoitika Hodi

Champsi alikuwa akipima mitungi ya gesi Mji Mkongwe, katika karakana aliyorithi kwa babake. Alisoma unene wa bati uliogongwa shingoni mwa mtungi, akauzidisha kwa nguvu ya chuma, mara mbili, akagawa kwa upana. Jibu lilikuwa presha ya kuupasua. Kabla ya kuugusa mtungi wowote aliubishia hodi. Babake alimfundisha hivyo, naye hakuona sababu ya kuacha adabu.

Jumanne moja Bi Kidawa wa Fumba alileta mtungi mpya wa wakala wa gesi, rangi inang'aa. Ijumaa alikuwa anamwoza binti yake, Riyama, na pilau ya watu mia mbili ingepikwa kwa mtungi huo na mingine minne ya kuazima. Champsi akabisha hodi, akapiga hesabu, akapata sabini.

"Karibu," mtungi ukaitika. "Ila hiyo sabini ni ya ujana wangu. Sasa napasukia kumi na tatu, na jua la saa saba hunifikisha kumi na mbili."

Champsi akaifuta sabini. Akaujaza maji, akapiga pampu, nao ukapasuka kwenye kumi na tatu. Chini ya rangi, chumvi ilikuwa imelila bati. Aliona haya sana: miaka thelathini alibisha hodi bila kungoja kuitikiwa.

"Ile minne nshaiazima, Bwana Champsi," akasema Bi Kidawa. "Nayo nkaiulize?"

"Kaiulize. Bisha hodi, kisha ungoje."

Mitatu ilijibu vibaya. Pilau ikapikwa kwa kuni, Riyama akaolewa, hakuna aliyeungua.

Champsi akampelekea wakala mtungi ule uliopasuka. Wakala hakubisha. Alisema tu kwamba mtungi hauna kitambulisho, kwa hiyo hauwezi kutoa ushahidi, akaagiza rangi nyingine.

Siku hizi lori la wakala likifika Fumba, wanawake hupanga foleni, wakibisha na kungoja. Juzi Bi Kidawa aliijaribu mitano, akaishukuru mmoja mmoja na kuiacha. Wa sita ulisema sitini na nane. Akauchukua kwa ajili ya Riyama, ambaye sasa ana mimba ya miezi mitano.

Ile mitano ikapakiwa tena, ipelekwe Kiwengwa. Bi Kidawa ana shoga yake huko, mkulima wa mwani. Akampigia simu, akamwambia abishe hodi, kisha angoje.