Jino la Mzee Uthmani

Baada ya swala ya Alfajiri, Mzee Uthmani aliketi barazani kwake mtaani Cibitoke, akamaliza chai yake ya tangawizi, kisha akafungua kinywa. Wachimbaji waliopanga foleni kujua bei ya siku wakachungulia mmoja mmoja jino lake la dhahabu. Asubuhi hiyo lilikuwa dogo kama punje ya ulezi.

"Leo tena wametubana," akasema Geneviève, mama aliyechimba dhahabu mlimani na kuileta mjini ndani ya unyoya wa bata uliozibwa kwa nta.

Jino hilo Uthmani alitiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa sonara, na kwa miaka mingi lilikaa kimya kama meno mengine. Lakini tangu dhahabu yote ya milimani ianze kupitia mlango mmoja, wa kampuni moja huko Zone Industrielle, kwenye viwanda, jino lilishika tabia. Asubuhi, kampuni ikinunua, lilisinyaa. Alasiri, kampuni ikiuza ng'ambo, lilivimba likawa kama haragwe, siku nyingine kama dole gumba. Mtaa ulizoea upesi. Mkewe, Asiya, alihamishia nyama kwenye mlo wa asubuhi, jioni akampa uji.

Shida ilikuwa adhana. Uthmani alikuwa mwadhini tangu ndevu hazijamwota, na sasa kila Alasiri kinywa kilikataa kufunga, maneno yakatoka yamechubuka.

"Muzee wangu," imamu Anouar akamwambia kwa upole, "Ijumaa ikifika hivi hivi, Alasiri ataadhini mwingine."

"Jino ni la baba, imamu."

"Na adhana ni ya nani?"

Alasiri hiyo Uthmani akamchukua Geneviève wakaenda kwenye kampuni, jino limetangulia mbele ya midomo. Aliwaza hivi: wakinunua kwa bei ile ile wanayouzia, jino litatulia.

Dirishani alikaa mnunuzi, Sylvère, kijana mwenye adabu zake.

"Mama, tunanunua asubuhi. Saa hii tunauza."

"Na mi nauza!"

"We unauza asubuhi."

"Basi nitapeleka kwa mwingine."

"Mwingine yuko wapi?" Sylvère aliuliza bila ubaya. "Bei inatoka Ulaya, mama. Mi naisoma tu."

Simu ya ng'ambo ikalia. "Apana," akaiambia, "ongeza. Kama hautaki, tunafunga stoo, tuone mutaipata wapi."

Jino likavimba papo hapo, likagonga kioo cha dirisha, ko! Sylvère akakata simu, akachukua rula, akalipima.

"Leo tumeuza vizuri," akasema, akawashukuru kwa kufika.

Ijumaa asubuhi Uthmani akaenda kwa Dévote, daktari wa meno. Jino lilitoka kama mbegu ya papai. Mzee akalia kidogo, wala si kwa maumivu. Asiya akalitia kwenye kopo la sukari.

Alasiri, adhana ikatoka safi, hata wauza ndizi wakanyamaza. Jikoni kifuniko cha kopo kikaruka, sukari ikamwagika. Asiya akafagia.

Kesho yake foleni ilikuwa barazani kama kawaida. Asiya akaleta kopo. Geneviève akachungulia.

"Kadogo," akasema.

Unga ulikuwa umeisha nyumbani kwake tangu jana. Akauficha unyoya kifuani, akashika njia ya Zone Industrielle, akikaza mwendo, dirisha lisije likafungwa.