Vijumba vya Urea

Bi Zamoyoni alisomea kemia miaka sita Baku, mji wa mafuta wa Umoja wa Kisovieti, akarudi Shinyanga mwaka 1976 kufundisha sekondari yenye maabara ya meza mbili. Miaka miwili baadaye barua ikaja: maabara ifungwe, yeye ahamie ofisi ya takwimu za pamba. Alimsihi Bwana Donatus, ofisa wa wizara aliyeileta, atazame jaribio moja tu kabla ya treni ya saa kumi.

"Mafuta ya taa yana molekuli nyingi zinazofanana," alieleza. "Nyingine zimenyooka, nyingine zina matawi. Kuzitenga kwa kuchemsha ni kazi ngumu. Lakini urea, mbolea hii hii, ikiganda huzijengea vijumba vyembamba. Zilizonyooka huingia; zenye matawi hukwama mlangoni."

"Itatufaa nini?"

"Tutaanza kusafisha mafuta yetu wenyewe, mzee. Tuanzie hapa."

Akamimina mafuta kwenye spiriti yenye mbolea, akakoroga. Wakangoja. Chembe zikatulia chini kama mchanga, hakikuganda kitu. Donatus akatazama saa, akachukua kofia. "Pole, mwalimu."

Zamoyoni alilia. Kisha, kwa kukata tamaa tu, akachota mbolea ile akaichanganya na chokaa na maji. Harufu kali ya mkojo uliovunda ikampanda puani. Urea haitoi harufu hiyo kwa chokaa. Hii ilikuwa salfeti ya amonia, mbolea nyingine kabisa!

Akatoka mbio hadi duka la Mzee Lalji, aliyemuuzia. "Umenipa salfeti badala ya urea, mzee!"

Lalji akajishika kichwa. "Magunia yote meupe, binti yangu. Nisamehe." Akafungua gunia jingine, akampimia bure.

Akarudia jaribio; saa tisa na nusu chupa ilijaa mgando mweupe, mzito kama uji. Zamoyoni akaikumbatia, akakimbia stesheni, khanga ikimdondoka njiani asigeuke kuiokota. Donatus alikuwa dirishani, behewa likianza kusogea.

"Tazama! Imeshika!"

Akaitazama chupa. "Kumbe kweli," akasema taratibu. "Lakini barua imeshasainiwa na wakubwa, mwalimu. Siwezi kuifuta."

"Basi waambie umeona! Waambie tu!"

Alijibu kitu, kikamezwa na king'ora.

Jumatatu funguo za maabara zikachukuliwa. Zamoyoni akapewa meza ofisini, akanakili idadi ya marobota kutwa nzima. Jioni mama yake alipomuuliza mbona hali chakula, alisema tumbo linamsumbua.