Indiketa ya Gaudensia

Madereva wa barabara ya Musoma na Bunda walimjua Gaudensia kwa indiketa kuliko kwa sura. Ukiwa nyuma ya pikapu yake na huoni mbele, unaangalia taa yake. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita, njia nyeupe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini ndivyo watu wanavyoendesha huku, na dereva akidanganya kwa taa mara moja tu, hakuna atakayemwamini tena. Gaudensia hakuwa amedanganya hata siku moja. Alijivunia hilo kuliko nyumba aliyojenga kwa biashara ya dagaa.

Basi pata picha moyo ulivyomchemka Jumamosi ile, kabla ya kufika Kiabakari, aliposimama kando ya lami huku watu wakimwambia usoni kwamba amemponza dereva mwenzake, Clementi.

Alikuwa ametoka nyumbani Bunda na mumewe, Boniphace, wakienda Butiama kwenye harusi ya mpwa wa Boniphace. Wiki hiyo Boniphace alikuwa amepeleka pikapu Musoma kwa fundi Dennis, zikang'olewa balbu za zamani za indiketa na kuwekwa za LED, kwa sababu gari la mjomba wa bibi harusi lazima ling'ae kwenye msafara. Mkewe aliambiwa kazi ilipokwisha. Hakuona ubaya, taa ni taa.

Clementi alikuwa nyuma yao na Noah yake, amembeba mama yake, Lukresia. Kwenye kimlima, Gaudensia akaona lori linapandisha upande wa pili, akashusha mkono wa indiketa: kulia, usije. Kitaa cha kwenye dashibodi kikapepesa kama siku zote. Clementi akaja. Lori likapiga honi, Clementi akakwepa, Noah ikaingia kwenye shamba la mihogo ikalala ubavu. Hakufa mtu, Mungu ni mwema, ila Lukresia alitolewa ameshikilia mkono uliovunjika, na mama mtu mzima akilia mbele ya watu hakuna anayejua pa kuangalia.

"Mama Gaudensia, uliwasha hazadi," Clementi alisema. "Zote mbili. Nikajua unasimama, ndio nikatoka. Mimi miaka yote nafuataga taa zako hata bila kufikiria."

Gaudensia akamwambia aliwasha ya kulia. Clementi akasema zote. Wapita njia walikuwa wameshajaa, na hawakuchelewa kuamua nani mwongo, maana mmoja wa hao wawili alikuwa mwanamke. Jamaa mmoja mwenye bodaboda akaeleza kitaalamu kabisa kwamba wanawake wakishtuka hubonyeza chochote kilicho karibu. Gaudensia akamgeukia mumewe, kwa kuwa mumewe alikaa pembeni yake na aliuona mkono wake ukishuka.

Boniphace akakohoa, akaipangusa suti yake ya rangi ya maziwa.

"Tumsamehe tu," akasema. "Amechanganya. Kuanzia leo gari nitaendesha mwenyewe."

Akanyoosha kiganja apewe ufunguo. Ndugu yangu, kuna kuonewa na watu baki, hilo unaweza kulimeza. Lakini kuonewa na mtu uliyempikia chai asubuhi ileile! Huo ufunguo ulikuwa mikononi mwake tangu Boniphace hajui hata kurudi rivasi.

Hakumpa. Alipanda kwenye gari, akashusha tena mkono wa indiketa, akamwomba Clementi asimame nyuma aseme anaona nini. Kitaa cha ndani kikapepesa vizuri, hakina habari. Nje, watu wakaguna kwa pamoja. Gaudensia akashuka kwenda kujionea. Alikuwa amewasha ya kulia, na pande zote mbili zilikuwa zinawaka na kuzima kwa pamoja.

Yule wa bodaboda akakumbuka ana abiria anamsubiri. Boniphace akadakia kwamba bila shaka balbu zimeharibika sasa hivi, kwa ule mshtuko wa kufunga breki. Aliongea haraka mno. Gaudensia akamtazama usoni, kisha akampigia Dennis na kuweka sauti ya juu.

Dennis hakushangaa hata kidogo. "Hizo LED zinakulaga umeme kidogo sana, mama. Gari lenu lina kitaa kimoja tu cha ndani kwa pande zote, kwa hiyo umeme unapitia hapo unavuka upande wa pili. Nilimwonyesha mzee, akasimama nyuma akaona mwenyewe. Nikamwambia aniachie gari nibadilishe waya. Akasema harusi kwanza."

Boniphace akamsogelea mkewe, akamnong'oneza kwamba mambo ya nyumbani yasemewe nyumbani, asimwaibishe mbele za watu.

"Mimi umeniaibisha mbele ya watu hawahawa," Gaudensia akasema, na hakunong'ona. "Uliniacha niendeshe bila macho, halafu ukataka niombewe msamaha."

Trafiki walikuwa wameshapigiwa simu, wangekuja kwa wakati wao. Mkono wa Lukresia usingesubiri. Gaudensia akamketisha mama yule mbele, kwenye kiti alichokuwa amekaa Boniphace, na Clementi akabanana naye ili amshikilie. Boniphace akauliza yeye atakaa wapi.

"Nyuma," mkewe akamwambia. "Simama, shika bomba la nyuma ya kioo. Nikigonga kioo mara moja, nyoosha mkono wa kulia. Nikigonga mara mbili, wa kushoto. Gari hili halina indiketa."

Boniphace akaangalia suti yake, akaangalia bodi la pikapu lililokaukiwa magamba ya dagaa, akaangalia watu. Hakuna aliyemtetea. Akapanda.

Wakaondoka taratibu. Nyuma yao magari yakaanza kupanga foleni, mengine ya msafara wa harusi, wajomba na mashangazi wakichungulia kwenye vioo. Mbele kukatokea basi. Gaudensia akagonga kioo mara moja.

Mkono wenye suti ya rangi ya maziwa ukanyooka kulia, na nyuma yao hakuna gari hata moja lililothubutu kutoka.