Protini ya Kumi na Tano

Merrin Kowald aliinua jeli ya kutenganishia protini kwenye mwanga, akahesabu mistari ya buluu, kila mmoja protini moja, kwa ncha ya kalamu. Kumi na minne. Akahesabu tena kuanzia chini. Kumi na minne.

"Bado?" aliuliza Des Tranter, mkuu wa maabara, akiwa mlangoni.

"Bado."

"Umeiacha sampuli ikapata joto tena. Mikono mizito hiyo, Merrin."

Akaenda zake. Merrin alikuwa fundi wa maabara hiyo ya Adelaide kwa miaka ishirini na mitatu, na mikono yake haikuwa mizito. Tangu Februari alikuwa akikuza hamira, akiisaga, akiichuja ndani ya chumba baridi huku amevaa sweta mbili, akitafuta kundi moja la protini kumi na tano. Ndani ya seli, DNA hujizungusha kwenye vibonge kama uzi kwenye kibiringo. Kundi hilo ndilo husukuma vibonge kando ili maandishi yaliyomo kwenye DNA yasomeke. Kila mara ilikosekana protini ileile, ndogo kuliko zote, na bila hiyo vibonge havikusogea ipasavyo.

Sababu aliijua. Maji ya kuoshea yalikuwa na chumvi kali, yakiibandua ile ndogo. Machi alimwambia Des, akajibiwa kwamba kipimo hicho kiliandikwa kabla Merrin hajaajiriwa. Mei akamwambia tena. Des akacheka.

Jumanne hiyo, Des alipoondoka, alimwaga maji yote, akachanganya mengine kwa nusu ya chumvi. Hakuomba ruhusa. Ijumaa mistari ilikuwa kumi na mitano, na vibonge vikasogea.

Des aliinua jeli, akahesabu mistari mwenyewe. "Umebadilisha nini?"

"Chumvi. Nimeitia nusu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia Machi, Des. Nikakwambia Mei. Mara ya tatu ulikuwa unakula pai, ukanionyesha mlango kwa uma."

Des alikaa kwenye stuli. Uso ulimshuka taratibu.

"Kwa hiyo ile makala yangu ya mwaka juzi," alisema, "kwa chumvi ileile tulipima kundi lenye pengo?"

Merrin alivaa sweta ya kwanza, kisha ya pili.

"Nionyeshe unavyofanya," Des alisema.

Akachomoa glavu kwenye boksi, zile ndogo za Merrin, akawa anahangaika kupenyeza vidole. Merrin alikwisha kuingia chumba baridi. Mlango aliuacha wazi, na ubaridi ukatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya Des.