Hewa ya Mlangoni

Miezi tisa mkono wa Bibi haukuwa na kazi nyingine ila kulibembeleza tumbo la bintiye. Mimba mbili zilitoka kabla ya wakati, na hii ya tatu aliilinda kama mshumaa penye upepo. Kila mchana aliweka kiganja pale na kunong'ona, "Tulia, mgeni wetu. Tulia." Kwa sauti hiyo hiyo alikuwa amewalaza watoto wa chekechea miaka thelathini, wao ndio waliompachika jina la Bibi.

Sasa mgeni alikuwa ametulia kupita kiasi. Siku kumi zilikuwa zimepita tangu tarehe ya kujifungua, uchungu hauji. Daktari alishasema: mlango wa kizazi usipolainika hadi saa kumi, ni upasuaji. Na bintiye aliogopa kisu kuliko kitu chochote.

Wodi ilikuwa nyeupe, kimya. Pazia lilivuta pumzi, likaachia. Macho yakimlemea, Bibi aliona kama chumba kizima kimo tumboni, nao wote wanangoja kuzaliwa.

"Mama, kichwa kinanigonga," binti alilalamika.

Mkunga alishaloweka kitambaa kabla hajaombwa. Akamwekea kwenye paji la uso. "Kikigonga, ujue kile kidonge cha kulainisha mlango kiko kazini."

"Si uliniwekea huko chini? Kichwa kimeingiaje?"

"Kinatoa hewa, mpenzi. Oksidi ya nitriki. Inalegeza mishipa ya damu mpaka ya kichwani. Hata mwili huitengeneza wenyewe. Miezi yote hii imekuwa kwenye mji wa mimba, inauambia usikaze. Siku zikitimia inapungua pale, inazidi mlangoni, mlango ulainike."

"Kumbe ni mama yangu mtupu! Tulia, tulia, mpaka mtoto kasahau njia."

Walicheka wote watatu. Lakini Bibi alitazama mkono wake. Bado ulikuwa juu ya tumbo, unapapasa.

Akawaona tena watoto wake wa chekechea wakilala mchana, kumi na wawili kwenye mikeka, mwanga ukiwaelea usoni. Aliwaamshaje? Hakuwahi kupiga kelele. Alikuwa akifungua mlango, kisha anawashika nyayo, mmoja mmoja.

Akainuka taratibu, akahamia miguuni pa bintiye, akazishika nyayo zake zilizovimba.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nahama na hewa yako."

Saa tisa na nusu binti alikunja uso, tumbo likawa gumu kama ubao. "Tu..." Bibi alianza kwa mazoea. Akalimeza neno.

"Njoo," alisema. "Njoo, mgeni wetu."

Mkunga akavaa glovu, akapima, macho yake yako darini. Bibi hakuziachia nyayo.

"Umelainika. Umefunguka vidole vitatu." Akamgeukia Bibi. "Kule kwenye upasuaji nitawaambia wahudumie wengine. Wewe endelea na nyayo."